Moyo wa Cavalier na Hati ya Bima

Mabibi na mabwana, wafugaji wenzangu, na ninyi ambao hamjanunua mbwa bado lakini jina lake mmeshalichagua: asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie afya, gharama na bima ya mbwa wa aina moja tu, Cavalier King Charles Spaniel. Nitamwita Cavalier ili tusichoke. Ni mbwa wa kilo tano na nusu hadi nane, masikio marefu, macho makubwa, mkia usiotulia. Hana ugomvi na mtu. Mimi ni daktari wa mifugo, nimeng'atwa na mbwa wa kila namna, na kwa upande wa tabia sina neno baya la kumsema Cavalier. Taabu yake iko kifuani na kisogoni. Kwa bahati, taabu hiyo inajulikana mapema, na kinachojulikana mapema kinapangika. Nililokuja kulisema ni hili: kwa mbwa huyu, fedha nyingi huokolewa au hupotea kabla hajaugua.

Tupitie asili yake kidogo, maana deni lilianzia huko. Spanieli wadogo walipendwa mno na mfalme Charles wa Pili wa Uingereza katika karne ya 17, na wachoraji wa enzi hizo waliwachora wakiwa na pua ndefu kiasi na fuvu bapa. Baadaye mitindo ikageuka. Watu wakazalisha wenye pua fupi na kichwa cha mviringo, ile sura ya zamani ikabaki ukutani. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Roswell Eldridge, akatangaza kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, zawadi ya pauni 25 kwa mbwa atakayefanana na wale wa kwenye picha za kale. Klabu ya Cavalier ikaundwa 1928, na Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili aina za mbwa, ikawatambua kuwa aina inayojitegemea mwaka 1945. Itazameni hiyo miaka. Katikati yake kuna Vita Kuu ya Pili. Ufugaji ulidorora, na waliobaki kuendeleza ukoo walikuwa mbwa wachache mno. Cavalier mnaowaona leo, popote duniani, ni uzao wa kikundi kile kidogo. Ukoo ukianzia kwa wachache, maradhi ya mmoja huwa ya wote.

Maradhi yenyewe ni ya vali ya mitrali. Upande wa kushoto wa moyo kuna vali inayozuia damu isirudi nyuma moyo unaposukuma. Kwa mbwa wengi wadogo vali hii huchakaa uzeeni: kingo zake hunenepa, hujikunja, haifungi sawasawa, damu kidogo inarudi kila pigo. Daktari akiweka stethoskopu kifuani anasikia mvumo mahali palipotakiwa kuwa kimya. Huo ndio mnung'uniko wa moyo. Chihuahua huupata, Maltese huupata, lakini aghalabu wakiwa wazee. Cavalier huanza angali kijana. Wakifika miaka 5 karibu nusu yao wanao. Wakifika 10 ni karibu wote. Hakuna ugonjwa unaowaua kwa wingi kuliko huu.

Msishtuke lakini. Kuwa na mnung'uniko si kuwa mahututi. Madaktari wa moyo wa wanyama wamepanga safari hii kwa hatua. Cavalier mwenye moyo safi kabisa yuko hatua A, kwa sababu tu ni Cavalier. Ukisikika mnung'uniko na moyo haujatanuka, ni B1. Moyo ukitanuka bila mbwa kuonyesha dalili yoyote, ni B2. Maji yakiingia mapafuni ni C, na dawa za kawaida zikishindwa ni D. Mbwa anaweza kukaa B1 miaka mingi akikimbiza njiwa. Wapo wanaokufa wazee kwa jambo lingine kabisa.

Mpaka unaohusu mfuko wako zaidi ni ule wa kati ya B1 na B2. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa EPIC: mbwa 360, nchi 11. Mbwa wa hatua B2 waliopewa dawa ya pimobendani walichelewa kuingia kwenye moyo kushindwa kwa takriban miezi 15 kuliko wasiopewa. Miezi 15 kwa mbwa ni maisha. Ila dawa hiyo haijaonekana kumsaidia mbwa wa B1, na huwezi kuitenganisha B1 na B2 kwa sikio. Unahitaji kipimo cha ultrasaundi ya moyo, au angalau eksrei ya kifua. Kwa hiyo mwenye mbwa anayesema "nipe dawa tu, daktari, kipimo tuache" anaweza kulipia vidonge visivyo na kazi kwa miaka mitatu. Na anayesema "bado anaruka, tutapima akianza kukohoa" amekwisha kuipoteza ile miezi 15.

Sasa gharama, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka bili iwafikie mkononi. Vidonge hupimwa kwa kilo, na Cavalier ana kilo chache, hivyo kwenye dawa unapata nafuu kuliko jirani yako mwenye mbwa wa kilo 40. Lakini mashine haijali kilo. Ultrasaundi ya moyo, kipimo cha MRI kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, daktari bingwa, saa za kukaa kwenye chumba cha oksijeni, vyote hutozwa karibu sawa, mbwa awe mdogo au mkubwa. Watu hununua mbwa mdogo wakidhani wamenunua na bili ndogo. Ukiacha vidonge, chakula ndicho pekee kinachopungua kweli, na chakula hakijawahi kumfilisi mtu.

Kitu ghali kuliko vyote katika safari ya moyo ni usiku wa dharura: maji yamejaa mapafuni, mbwa anahema kwa tumbo, ulimi umeanza kuwa wa buluu. Nataka niwafundishe kipimo kisichogharimu hata senti. Mbwa akilala fofofo, si kusinzia, si kuota huku miguu ikicheza, kaa karibu naye utazame ubavu wake. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, andika. Cavalier mwenye moyo unaojimudu hubaki chini ya 30 kwa dakika, mara nyingi chini sana. Mwenye mnung'uniko ahesabiwe kila siku au mara kadhaa kwa wiki, saa ileile. Namba ikipanda ikavuka 30, ukarudia baadaye ikawa bado iko juu, piga simu siku hiyohiyo. Usingoje kikohozi. Mara nyingi namba hubadilika kabla mbwa hajaonekana mgonjwa, na tofauti ya kumleta mchana akitembea na kumleta usiku wa manane akibebwa inaonekana waziwazi kwenye risiti.

Tuje kwenye bima. Si jambo geni. Uswidi walimkatia bima mbwa mwaka 1924, Uingereza 1947, na Marekani hati ya kwanza ilitolewa 1982 kwa Lassie, yule mbwa wa televisheni. Kampuni hizi zina kumbukumbu za miaka mingi. Watafiti wa Uswidi wamezichambua rekodi za mbwa wenye bima kuona ni nani wanaokufa kwa moyo kabla ya miaka 10, na Cavalier yumo safu ya mbele. Kwa hiyo unapojaza fomu na kuandika aina ya mbwa wako, aliyekaa upande wa pili anazijua habari za moyo huo kuliko wewe. Ada unayotozwa imepangwa kwa kuujua huo moyo. Usimkasirikie, lakini na wewe usiende mikono mitupu.

Sharti linaloliza watu kuliko yote ni la ugonjwa uliokuwapo kabla. Niwaonyeshe linavyofanya kazi. Mbwa wa miaka mitatu analetwa kwa chanjo. Ananisalimia, anakula biskuti, ninamsikiliza, kisha naandika kwenye kadi: "Hali nzuri. Uzito 7.4. Meno yana ukoga. Mnung'uniko 2/6, kushoto. Arudi baada ya miezi 6." Ile 2/6 ni daraja la sauti, maana mnung'uniko hupimwa kwa ngazi sita. Namweleza mwenye mbwa, ananiuliza kama ni hatari, namjibu kwamba kwa leo hapana, anaondoka akiwa na furaha. Mwezi unaofuata anakata bima. Miaka miwili baadaye moyo umetanuka, anapeleka madai. Kampuni inaomba historia yote ya matibabu, kutoka kila kliniki mbwa alikopita, na inaukuta ule mstari mmoja. Madai yanakataliwa, na kwa mujibu wa mkataba hajaonewa. Katika bima, ugonjwa huhesabiwa tangu dalili yake ilipoonekana mara ya kwanza. Tarehe ya kuanza matibabu haina uzito.

Kuna wanaoniomba nisiandike. Naandika. Asiyeandika leo anamnyima daktari wa kesho habari za mgonjwa wake, na madai yaliyojengwa juu ya kadi iliyofichwa yakigundulika, hati nzima inaweza kufutwa.

Tahadhari kabla ya hatari, waliosema hivyo kama walikuwa wanakata bima. Mkatie akiwa mtoto, katika wiki za mwanzo, kabla kalamu ya daktari haijapata la kuandika. Kumbuka pia kwamba karibu kila hati ina kipindi cha kusubiri: siku au wiki kadhaa tangu kusaini, ambapo ugonjwa ukijitokeza hautalipiwa, na utahesabiwa kuwa ulikuwapo. Kukata bima Jumatatu kwa sababu Jumatano una miadi ya daktari hakukusaidii.

Halafu aina ya hati. Iliyo rahisi kuliko zote hulipia ajali tu. Kwa Cavalier naiona kama kukatia bima mlango na kuiacha nyumba. Ipo inayolipia kila ugonjwa kwa muda maalumu, mara nyingi miezi 12, kisha ugonjwa huo unafungwa daima. Ugonjwa wa vali huchukua miaka. Hati hii italipia vipimo vya mwanzo, na dawa zikianza kuzoeleka inakuachia mzigo. Ipo inayotenga kiasi fulani kwa kila ugonjwa, kikiisha kimeisha. Na ipo ya maisha, ambayo kiwango chake hujazwa upya kila mwaka unapoihuisha. Hii ndiyo ghali, na kwa mbwa huyu ndiyo pekee ninayoona ina maana. Lakini hilo neno maisha lina kamba: linadumu ilimradi hukatizi malipo na huhami kampuni. Ukihama ili uokoe ada, kule uendako moyo ule ule unakuwa ugonjwa uliokuwapo kabla. Wafanyakazi wa mauzo hawana haraka ya kukuambia hivyo.

Kabla hujasaini, tafuta neno "kurithi". Hati nyingine haziugusi ugonjwa wowote wa kurithi. Kwa mbwa mwingine hilo ni pengo. Kwa Cavalier limekwenda na moyo, kisogo, na pengine magoti. Ukilikuta neno hilo upande wa visivyolipiwa, rudisha kalamu mfukoni. Tafuta pia habari za viungo viwili viwili. Pia ya goti la kushoto ikiteguka leo, kampuni nyingi zitasema goti la kulia ni ugonjwa uleule, hata kama mwaka jana lilikuwa zima.

Hesabu yenyewe ya fidia hutegemea vitu viwili: kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe, na asilimia unayochangia. Chukua bili ya 1,000 kwa fedha yoyote. Unabeba 200 za kwanza, zinabaki 800, unachangia asilimia 20 yake, yaani 160. Kampuni inalipa 640. Ila zipo zinazokata asilimia kwanza kwenye bili nzima, ndipo zitoe ile 200, na hapo unapata 600. Maneno ni yaleyale kwenye tangazo. Uliza: mnakata kipi kwanza? Uliza pia kama asilimia hiyo huongezeka mbwa akizeeka, kwa sababu mara nyingi huongezeka, na ada nayo hupanda kila mwaka, palepale ambapo moyo unaanza kudai. Ada ya mwaka wa kwanza isikudanganye. Omba wakuonyeshe ada ya mbwa wa miaka 9.

Na jambo moja la fedha taslimu: kampuni nyingi hukurudishia baada ya wewe kulipa. Bima haikuondolei haja ya kuwa na akiba. Kama hospitali na kampuni zinaweza kumalizana zenyewe, pata kibali mapema, hasa kwa MRI.

Chanjo, dawa za minyoo, kufunga kizazi na kusafisha meno kwa kawaida havimo. Kampuni huuza nyongeza ya kuvilipia. Piga hesabu, mara nyingi unajirudishia fedha zako mwenyewe zikiwa zimepungua. Meno ya mbwa wadogo huoza vibaya, mswaki wa kila siku ni nafuu kuliko nyongeza yoyote.

Nimetaja kisogo. Fuvu la Cavalier ni dogo kwa ubongo uliomo. Sehemu ya nyuma ya ubongo husukumwa kuelekea tundu la uti wa mgongo, maji yanayozunguka humo hayapiti vizuri, na baada ya muda vijishimo vyenye maji hutokea ndani ya uti wenyewe. Katika utafiti uliotoka 2011, Cavalier 555 ambao wenye mbwa waliamini ni wazima walipigwa MRI: kati ya wenye mwaka mmoja robo walikuwa na vijishimo hivyo, na kati ya waliofikisha miaka 6 walikuwa asilimia 70. Wengi hawapati maumivu. Wanaopata hujikuna hewani karibu na shingo bila kugusa ngozi, hasa wakivutwa kamba, hulia wakinyanyuliwa, hulala wameinua kichwa kwenye mto. Wenye mbwa hununua dawa ya viroboto, kisha ya masikio, kisha ya mzio, na kadi inajaa. Mvalishe mkanda wa kifua badala ya kola, na ukiona kujikuna hewani, mpige picha ya video umwonyeshe daktari kabla hujanunua chochote.

Ngoja niongeze dogo, litawaokolea fedha baadhi yenu. Cavalier wengi kwa asili wana chembe sahani chache za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, lakini kubwa. Mashine ya kuhesabia huziona kama pungufu na kutoa karatasi ya kutisha. Kabla hujakubali mlolongo wa vipimo, omba damu itazamwe kwa hadubini.

Kwa ambao hamjanunua, ninyi ndio wenye nafasi kubwa kuliko wote. Mzalishaji akuonyeshe cheti cha moyo cha wazazi wote wawili, kutoka kwa daktari wa moyo, na umri wao siku ya kupimwa. Mwongozo unaojulikana unataka mbwa asizalishwe kabla ya miaka miwili na nusu akiwa na moyo safi, na wazazi wake yeye wawe walikuwa safi walipofika miaka 5. Kwa hiyo uliza na habari za babu na bibi. "Nilimpeleka kwa daktari, akasema mzima" si cheti. Kuna pia magonjwa mawili yanayopimwa kwa vinasaba tangu 2011, ule wa macho makavu na manyoya ya kujisokota, na ule wa kuanguka kwa kukakamaa. Hayo ni rahisi kuyaepuka, mzalishaji asiyeyapima hana kisingizio.

Je, kuchagua wazazi kunasaidia kweli? Denmark walifanya upimaji wa moyo kuwa lazima kwa Cavalier wa kuzalishia wa klabu yao, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha hatari ya ugonjwa wa vali imeshuka kwa asilimia 73 kwa watoto wa wazazi waliopimwa chini ya mpango huo. Norway walikwenda mbali zaidi: kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2023 ikaamuliwa kuwa uzalishaji wa Cavalier kama ulivyokuwa ukifanyika unavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Mtu anaweza kubishana na mahakama. Mimi naona walisoma kadi zilezile tunazozisoma sisi kliniki kila siku.

Mtoto wa mbwa mwenye vyeti ni ghali. Weka tofauti hiyo ya bei kando ya gharama ya ultrasaundi mbili tu, na miaka kadhaa ya pimobendani asubuhi na jioni, uone kipi kinazidi.

Na nyie ambao mbwa wenu tayari ana mnung'uniko kwenye kadi? Moyo wake hauwezi kuingia kwenye bima mpya, hilo limeisha. Lakini shingo, goti, kongosho, jicho na ajali bado vinaweza kuingia, kama havijaandikwa. Omba kampuni ikuandikie, kwa maandishi, kile hasa inachokitoa: wengine hutoa vali peke yake, wengine hutoa mfumo mzima wa moyo na mapafu, na tofauti ni kubwa siku atakapopata nimonia. Kwa moyo, fungua akaunti yake. Weka kila mwezi kiasi ambacho ungelipa bima, anza sasa angali B1, na fedha za kwanza zitumie kwa ultrasaundi ili ujue umesimama wapi.

Maswali sasa. Yule mama mwenye daftari aanze, maana nimemwona akipiga hesabu tangu pale kwenye 640.